Aliyebaki Kwenye Ubao wa Simu

Tolliver, Arkansas
4 Novemba 2018

Mpwa wangu Renita,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea kwa mikono miwili, maana siku hizi watoto wa Milwaukee husalimia kwa kuinua kidevu. Mimi mzima. Goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio, na meno yangu yote najua yalipo, mengine mdomoni, mengine kwenye glasi. Mwambie mama yako Earline kwamba kaka yake alikaanga kambare Jumamosi kwa kanisa zima la Mount Nebo, na hakuna sahani iliyorudi na kitu. Mchungaji alilamba vidole mbele ya waumini. Mimi nimewapikia makapteni wa meli mpaka Lisbon na Santos, kwa hiyo Mchungaji kwangu ni mteja mdogo tu.

Haya, na hiyo habari yako. Unasema kila Jumamosi mnakaa chumba cha chini cha maktaba, wanawake kumi na mmoja na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa basi, mnaandika habari za watu weusi kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni, kwa kujitolea, na mmeshafikisha kurasa sitini. Barua hiyo nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nawatafutia mshahara, sikuuona. Basi nikasema hawa ni wendawazimu, na mmoja wao ni damu yangu, nikafurahi.

Unataka habari za bibi yako Idella. Umegonga mlango wenyewe. Andika hivi: mwaka 1938 kampuni ya simu ilileta nguzo zake mpaka relini, ikasimama. Ng'ambo ya reli tulikuwa sisi. Mama akasema, "Nguzo zao zinaogopa reli, lakini sisi tuna nyaya za ua." Akapitisha simu kwenye nyaya za ua za mashamba, nyumba thelathini na moja, zote za watu wetu. Ubao wa kuunganishia simu aliununua kwenye hoteli moja ya Memphis iliyoungua, na mpaka nazaliwa ulikuwa bado unanuka moshi. Akauweka chumba cha nyuma ya jiko. Kila nyumba na mlio wake. Wa Shemasi Crump mrefu mmoja mfupi miwili, na mkewe alikuwa akisikiliza milio ya wenzake yote. Mwanamke aliyeishia darasa la sita! Ukitaka kujua akili zangu zilitoka wapi, usiende mbali.

Ya mafuriko ya 1951 kila mtu anayajua, sina haja ya kuyarudia.

Nakutumia boksi. Ndani kuna vijitabu vya maziko kumi na vinne vya ukoo, nimevitoa kwenye Biblia, na picha ya mama akiwa na visikilizio kichwani. Virudi vyote. Wala usiniambie nitafute simu. Unajua nyumba ya Purifoy haijawa na simu tangu nikiwa mtoto. Mama alitulea kwa barua, na mimi nimeshazoea kulamba stempu.

Mjomba wako asiye na mpinzani,
Otha Lee


Milwaukee
24 Novemba 2018

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Theluji imeanza, na Mama sukari yake imeshuka, ingawa juzi nilimkuta nyuma ya mlango wa friji na kipande cha pai ya viazi vitamu. Akasema anakikagua. Anakusalimu na anasema usimsumbue Mchungaji.

Mjomba, nilipita wiki mbaya. Vijitabu vya maziko niliviweka vyote kumi na vinne kama ushahidi. Kabla saa moja haijaisha, mtu nisiyemjua alikuwa ameviondoa, akabandika tangazo juu ya ukurasa: utafutwa baada ya siku saba. Akaniandikia kwamba kijitabu cha maziko huandikwa na wafiwa, na wafiwa husifu. Nikamjibu kwamba kwa watu wetu, miaka mingi, hiyo ndiyo karatasi pekee iliyotuandika majina yetu sawasawa, maana magazeti yalikuwa hayatangazi hata kufa kwetu. Akasema anaelewa, lakini kanuni ni kanuni: jambo liwe limechapishwa na mtu wa nje aliyelikagua. Nikahangaika siku tano.

Ndipo rafiki yangu Shavonne akaniokoa. Yeye ndiye anayeuandika ukurasa huo, kwa sababu mjukuu haruhusiwi kumwandika bibi yake. Mimi natafuta tu karatasi. Alikwenda kwenye kumbukumbu za magazeti ya Arkansas, akakuta Tolliver Sentinel la Mei 1979. Mjomba, una nywele! Umesimama mbele ya nyumba, mkono kiunoni, kama uliyemnunua mpiga picha. Na wewe ndiye uliyesema haya, nayanakili:

"Tuta la mto lilipopasuka, mama yangu, Idella Purifoy, alikataa kuuacha ubao wa simu. Alipiga nyumba moja baada ya nyingine, maji yakimfika kiunoni, mpaka betri zikazama. Watu mia mbili na kumi walikimbilia kilimani kwa sababu yake."

Gazeti, mwandishi, tarehe. Yule mtu aliondoa tangazo lake na hata akatupongeza. Wewe ndiye rejeo namba moja! Na si hilo tu: tarehe 11 Februari mstari mmoja wa habari hii utawekwa ukurasa wa mbele wa kamusi, siku nzima, mbele ya mamilioni. Shavonne alilia. Dereva wetu wa basi akazunguka meza akipiga honi kwa mdomo.

Mpwa wako anayejivuna sasa kama wewe,
Renita


Tolliver
9 Desemba 2018

Mpwa wangu,

Salamu. Mvua inanyesha hapa, goti lilisema kweli. Nguruwe wa jirani amevunja ua, akala mboga zangu zote za majani akaacha zile zenye funza, kwa hiyo nguruwe yule amesoma. Mama yako umwambie pai haikaguliwi, huliwa.

Nimefurahi ukurasa umepona. Ila nimefikiri kidogo, jambo ambalo unajua si desturi yangu. Mnaonaje mkiandika habari za laini ya simu tu? Nyaya za ua, hoteli iliyoungua, milio. Hizo habari zinatosha, zina utamu wake. Mafuriko yaacheni. Mafuriko kila mji unayo. Na lile gazeti la 1979, Renita, gazeti ni kitu cha kufungia samaki. Nimefungia samaki kwenye magazeti ya lugha tisa na hakuna samaki aliyelalamika.

Na huo ukurasa wa mbele, hawawezi kumweka mtu mwingine? Hamkosi watu kwenye kurasa sitini.

Ni wazo tu la mzee. Nakutumia na chupa mbili za pichesi nilizosindika, zimefungwa vizuri.

Otha Lee


Milwaukee
22 Desemba 2018

Mjomba,

Shikamoo. Pichesi zimefika, chupa moja imepasuka ikalowesha barua yako, lakini nimeisoma. Nimeisoma hata nilipokuwa sitaki.

Tangu lini wewe ukaomba usitajwe?

Mama mzima, anakupa heri ya Krismasi. Nilimwuliza kuhusu 1951. Akasema alikuwa na miaka minne, akaenda kufua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Nikueleze kilichotokea. Chini ya kila ukurasa wa kamusi kuna mahali pa majadiliano. Juzi mtu asiye na jina ameandika pale maneno manne: "Haikuwa Idella. Ilikuwa Corrine." Basi. Hana chanzo, hana jina la pili. Shavonne akayafuta, kwa sababu watu wa kuharibu kurasa zetu ni wengi, kuna wanaoandika matusi kila wiki. Kesho yake yamerudi yaleyale. Amefuta tena.

Nami nimekaa nayatazama. Mharibifu huandika upuuzi. Huyu ameandika kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayoijua.

Mjomba, Corrine ni nani? Sikuulizi ili nikukosee adabu. Nakuuliza kwa sababu kinachopita kwenye ule ukurasa wa mbele hakirudi. Siku hiyohiyo kitanakiliwa shuleni, kwenye vitabu, kwenye tovuti nisizozijua, na hata tukikifuta kwetu, huko kitabaki. Na kama si kweli, wale wanaosema tunajitungia mashujaa watapata walichokuwa wanakitafuta, na kurasa zote sitini zitatiliwa shaka. Nijibu upesi. Tafadhali.

Renita


Milwaukee
12 Januari 2019

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tatu sijapata barua. Nimepiga simu posta ya Tolliver, yule mama wa dirishani anasema unaingia kila siku, unachukua barua, unamtania kuhusu kofia yake, unatoka. Kwa hiyo huumwi.

Zimebaki siku thelathini.

Mama anasema, "Mwulize Otha," halafu anageuzia uso ukutani. Nyumba nzima mnanigeuzia ukuta. Kama nimekosea kuuliza niambie nimekosea, lakini usinyamaze. Wewe kunyamaza kunanitisha kuliko jambo lolote unaloweza kusema.

Renita


Tolliver
13 Januari 2019

Mpwa wangu Renita,

Mwaka mpya umeingia, nimekula kunde zangu kama inavyopasa, peke yangu, sahani tatu, kwa hiyo bahati ninayo hata kama sistahili. Barua hii nimeianza mara sita. Ya kwanza ilikuwa na mzaha mzuri sana kuhusu kasisi wa Santos. Nimeichana. Keti.

Corrine Stallworth alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akimsaidia mama kwenye ubao. Mrefu, mwenye kigugumizi. Akiongea nawe uso kwa uso maneno yalimkwama, lakini akivaa visikilizio yalitoka kama maji, na kwa sauti ya mama kabisa, maana mama ndiye aliyemfundisha kusema, "Idella hapa." Kila aliyeshika zamu alisema, "Idella hapa." Ndiyo ilikuwa desturi ya ubao.

Siku ile ilikuwa Jumanne alasiri. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimelala na homa ya mapafu, napumua kama paka kwenye gunia. Habari ilikuja kwa waya kutoka juu ya mto kwamba tuta limepasuka. Mama akapiga simu mbili. Nyumba mbili, Renita, kati ya thelathini na moja. Shemasi Crump akafika na gari lake la nyumbu, akasema, "Idella, kama unamtaka huyu mtoto, ni sasa." Mama akanifunga blanketi, akamshika Earline mkono, akamwambia Corrine, "Njoo." Corrine akasema, kwa kigugumizi chake, "Na-na-nakuja." Akavaa visikilizio.

Tulikwenda kwa shangazi yake mama, kaunti ya pili. Mama alikuwa akigeuka nyuma. Njia nzima alikuwa akigeuka nyuma.

Nyumba ishirini na tisa zilisikia, "Idella hapa, maji yanakuja, pandeni kilimani." Wakapanda. Corrine alitokea kwenye dirisha la dari, wakamchukua kwa mtumbwi. Siku ya nne tukarudi, watu wakamkimbilia mama wakilia, wakimbusu mikono. Nilimwona, nilikuwa begani kwake. Alifungua mdomo aseme. Wakamkumbatia. Akaufunga. Na Corrine amesimama pale pale na blanketi la kuazima, naye hakusema neno. Mwaka wa 1953 alihamia Pine Bluff. Mama hakushika tena simu mpaka anakufa 1978. Sasa umejua kwa nini tunaandikiana.

Hiyo ndiyo ya mama. Yangu ni mbaya zaidi, maana mama alinyamaza tu. Gazeti lilipokuja 1979 mimi nilikuwa nimetoka melini, na suti ya Lisbon, na mama ana mwaka mmoja kaburini. Yule mwandishi akauliza, "Mama yako alikuwa wapi?" Ningesema nini? Kwamba alikuwa kwenye gari la nyumbu kwa sababu mimi nilikuwa nakohoa? Nikambakisha kwenye ubao. Na nilipoona anaandika, nikamtilia na maji mpaka kiunoni. Ile mia mbili na kumi nimeitoa hewani. Ingekuwa ana wino zaidi ningefika elfu.

Mama alimwacha msichana wa watu kwa ajili yangu. Miaka sitini na saba nimekifanya mzaha kila kitu ili nisiulizwe hilo moja.

Fanya unavyoona.

Otha


Milwaukee
19 Januari 2019

Mjomba Otha,

Barua zetu zimepishana njiani. Shikamoo.

Siku mbili sikuweza kuandika. Nilipofukuzwa kazi yangu ya kwanza nilijiambia, Bibi alisimama kwenye maji. Nilipomzaa mtoto aliyekufa nilijiambia hivyohivyo, na wewe uliniandikia maneno hayo, yale yale, nikayabandika ukutani. Ni bora ungeniambia alikimbia na mtoto mgonjwa begani. Hilo nalo lingenisimamisha. Labda zaidi.

Bibi simhukumu. Wewe bado sijui.

Sasa sikiliza, maana siku zinakwisha. Nilimpelekea Shavonne barua yako. Akaisoma, akaniambia kitu kilichonichekesha na kuniliza pamoja: haifai. Barua ya ndugu si chanzo. Uongo wako umechapishwa gazetini, una tarehe na mwandishi. Ukweli wako uko kwenye karatasi ya daftari yenye doa la mchuzi. Kwa kanuni zetu uongo ndio wenye ushahidi. Na hizi kanuni, Mjomba, mimi ndiye ninayewafundisha wapya kila Jumamosi.

Nimeomba mstari ule uondolewe ukurasa wa mbele. Wakauliza kwa sababu gani. Nikasema si kweli. Wakasema, lete chanzo. Watangoja mpaka jioni ya tarehe 10. Kisipopatikana, siahidi chochote, huko juu si mimi ninayeamua. Unaelewa? Tunakusanyika kuwarudisha wanawake waliofutwa, na mmoja tumemfuta sisi wenyewe, na karatasi ya kumrudisha hatuna.

Kuna njia moja. Gazeti lile lile. Uingie ofisini kwao, hapo hapo Tolliver wanakokujua wote, useme uliyoniambia, nao wayachunguze wayachapishe. Si barua ya msomaji, habari yenyewe. Na kabla ya kwenda huko tafuta watoto wa Corrine. Wasije wakakusoma gazetini mara ya pili.

Laini ya simu ni ya Bibi na itabaki ya Bibi, hilo usihofu.

Mama ameisoma barua yako. Jioni alikuja kulala kitandani kwangu.

Renita


Tolliver
Jumatano, 6 Februari 2019

Mpwa wangu,

Salamu kwako na kwa Earline. Mwambie nami usingizi sina, angekuwa karibu tungelala zamu. Mimi mzima. Nimepungua kilo tatu bila kutaka, suruali inashikwa na imani tu.

Nilianza na gazeti kwa sababu mimi ni mwoga, nikaona gazeti ni karibu. Mwandishi ni mmoja siku hizi, binti mmoja anaitwa Danica Weems, ana miaka kama ishirini na sita, ofisi yote ni meza na jagi la kahawa. Nikamwambia nimekuja kukanusha. Akasema, "Kukanusha nini, mzee?" Nikasema, "Mimi." Akadhani natania, maana ananijua. Nilipomaliza alikuwa ameacha kuandika. Akasema neno la mzee mmoja halimtoshi, mzee huyo akishasema uongo mara moja ndiyo kabisa. Alitaka watu, alitaka karatasi. Binti ana mdomo, lakini ni haki yake. Basi akanitia kwenye gari lake, tukaenda Pine Bluff.

Corrine alikufa 1986. Binti yake yupo, Luvenia Tate, mjane, alikuwa mwalimu. Kabla ya safari nilikuwa nimemwandikia. Hakujibu. Nikaenda hivyohivyo, na pai mkononi, nikagonga. Akaja akasimama nyuma ya mlango wa wavu, hakuufungua.

"Nani?"

"Otha Lee Purifoy, wa Tolliver."

"Mtoto wa Idella?"

"Ndiye."

"Yule wa gazeti?"

"Huyohuyo, mama."

"Usiniite mama, mimi nina sitini na tatu na wewe ni babu mzima. Unauza nini?"

"Siuzi. Nimekuja kurudisha."

"Miaka arobaini! Hata maktaba ingekutoza faini." Akaitazama pai. "Na hiyo ni nini?"

"Ya viazi vitamu. Nimeipika mwenyewe."

"Iweke chini."

Nikaiweka chini, kwenye mbao za baraza, kama mtu aliyeambiwa aweke silaha. Renita, unanijua, mimi nimeongea mpaka nikatoka kwenye jela ya Santos kwa lugha nisiyoijua. Pale nikavua kofia. Nikasimama tu. Baadaye Bi Luvenia akasema yule wa "Haikuwa Idella" ni mjukuu wake wa chuo. "Nilimwambia aache," akasema, "hakuna atakayemwamini. Mkamfuta mara mbili, nikamwambia, unaona?" Halafu akaingia ndani. Nikadhani ndiyo basi. Nikaanza kushuka ngazi.

Akarudi na Biblia. Akafungua wavu.

Ndani ya ile Biblia, Corrine alikuwa amehifadhi gazeti la 1979. Lile lile, na mimi na nywele zangu. Alilisoma akiwa hai, Renita. Miaka yote nilijipa moyo kwamba halikufika Pine Bluff. Alilisoma, na akalisahihisha kwa penseli. Palipoandikwa "kiunoni" amekata, juu yake akaandika "kifuani". Palipoandikwa watu mia mbili na kumi amekata, akaandika, "Sikuhesabu." Pembeni ameandika nyumba zote ishirini na tisa alizozipigia kwa milio yao, mrefu na mfupi, na saa alipoipata kila moja. Ya mwisho ni ya Crump. Aliipigia muda mrefu. Alijua mzee mwenyewe yuko nasi barabarani, alikuwa akimtafuta mkewe. Lakini jina la Idella hakuligusa. Limesimama safi.

Danica akapiga picha kila upande. Mimi nikauliza, "Mbona jina hakulikata?"

Bi Luvenia akasema, "Nilimwuliza hivyohivyo nikiwa msichana. Akasema, si yeye aliyeliandika."

Akatoa penseli mfukoni mwa aproni, akaniwekea mkononi.

Mkono huu umekata vitunguu kwenye mawimbi ya nyumba mbili kwenda juu, na vidole vyote kumi bado ninavyo. Nilichukua muda kuvuta mstari ule mmoja. Nilimkata mama yangu kwa penseli ya mtu mwingine, na juu yake nikaandika Corrine Stallworth, herufi zimeanguka huku na huku. Bi Luvenia akaivaa miwani, akaangalia. Hakusema nimesamehewa, nisikudanganye, nimeacha. Alisema, "Haya," akachukua Biblia yake. Na pai akaichukua.

Habari inatoka kesho asubuhi. Danica atakutumia mwenyewe kwa mashine yake, na picha za ile karatasi, kwa hiyo utakuwa nayo kabla barua hii haijafika, na tarehe 10 hamtaikosa. Usininyime neno baya linalonistahili mle.

Mimi leo, Renita, bado ni mwana wa shujaa. Nimepita mji mzima nimesalimiwa. Mke wa Mchungaji amenipa mayai. Watoto wa wale watu wa ile laini, wajukuu zao, wote kila siku wananiita "mtoto wa Idella" kabla ya kuniita jina. Kesho sijui wataniitaje. Nimeogopa bahari kuu mara mbili maishani na haikuwa hivi.

Alhamisi kinyozi wetu Lonzo hulifungua gazeti yeye wa kwanza, akalisoma kwa sauti, ukurasa hadi ukurasa, duka limejaa. Nilitaka kesho nipande basi, nije kwenu, nikae wiki mbili mpaka wachoke kusema. Nguo nimeshapanga. Halafu nimezipangua. Nimekwenda kwa Lonzo nikaweka zamu ya saa mbili asubuhi, ya kwanza kabisa. Atakapofika ukurasa wa tatu nitakuwa kwenye kiti, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa. Mtu hawezi kukimbia hivyo.

Mjomba wako,
Otha Lee Purifoy